Hapana Nayo ni Jibu

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze kuhusu mchezo. Hauhitaji mpira, hauhitaji kete wala karata, na ukichezwa kwa simu unakula bando dogo sana, kwa sababu kinachopita ni maneno matupu. Mtu mmoja anafikiria kitu, hasemi ni kitu gani. Wenzake wanamuuliza maswali, naye ana ruhusa ya kujibu neno moja tu kati ya mawili: ndiyo au hapana. Wakifikisha maswali 20 bila kukijua, ameshinda yeye. Wakikijua kabla, wameshinda wao. Mtoto wa darasa la pili ukimweleza mara moja ameshaelewa.

Mimi na wenzangu tuliosoma pamoja Tanga tumetawanyika, kama walivyotawanyika watu wengi wa umri wetu. Mmoja ni muuguzi Mwanza, mmoja yuko kwao Wete, Pemba, mmoja ameolewa Mombasa, mmoja anafanya kazi Muscat, na mmoja anaishi Minneapolis, Marekani, na binti yake. Tuna kundi letu la WhatsApp. Na naomba niseme ukweli kuhusu makundi haya, kwa sababu najua nawe unalo lako: lilikuwa limebaki mahali pa rambirambi, michango ya harusi, na zile jumbe za kukutaka uwasambazie watu kumi kabla jua halijazama. Watu walikuwa wanatumiana vitu, hawazungumzi. Mchezo huu uliletwa na yule muuguzi, usiku mmoja akiwa zamu, wodi imetulia. Aliandika tu: "Nimefikiria kitu. Ulizeni."

Ngoja nikusimulie mzunguko mmoja jinsi ulivyokwenda, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote ninayotaka kuyasema jioni hii.

Aliyefikiria kitu ni yule wa Mombasa. Swali la kwanza: kina uhai? Hapana. La pili: mtu mmoja anaweza kukibeba? Ndiyo. La tatu: kinatumia umeme? Hapana. La nne: kinakaa ndani ya nyumba? Ndiyo. La tano: kimetengenezwa kwa mti? Hapo pakawa na kimya. Simu inaonyesha kwamba anaandika, inaacha, inaonyesha tena, inaacha. Sote tukajua kuna kitu: jibu si jepesi. Mwishowe akajibu ndiyo. La sita: watu hukikalia? Ndiyo.

Basi hapo watu wakapoteza utulivu. Kiti? Hapana. Kigoda? Hapana. Benchi? Hapana. Kitanda? Hapana. Tayari tuko swali la 10, nusu ya maswali yetu imekwisha, na hatujui zaidi ya tulivyojua kwenye la sita. Ndipo akaingia yule wa Wete, ambaye alikuwa kimya muda wote. Akasoma maswali kutoka juu hadi chini, kisha akauliza la 11: kazi yake hasa ni kukaliwa? Jibu: hapana.

Msikilizaji, lishike swali hilo. Limepata "hapana", sawasawa na kiti, kigoda, benchi na kitanda. Lakini "hapana" hii imefungua mlango. Kitu kinakaliwa, lakini hakikutengenezwa kwa ajili ya kukaliwa. La 12: kinatumika jikoni? Ndiyo. La 13: kina chuma? Ndiyo. La 14: ni mbuzi ya kukunia nazi? Ndiyo! Kumbe ile kusitasita kwenye swali la mti ilikuwa kwa sababu mbuzi ni ubao, lakini ulimi wake ni chuma. Binti wa Minneapolis, aliyekuwa akisoma kwenye simu ya mama yake, akauliza kwa nini swali la kwanza lilijibiwa kwamba hakina uhai wakati ni mbuzi. Mama yake akalazimika kutafuta picha ya mbuzi ya nazi ya bibi yake Tanga, na ile picha ikatupatia mazungumzo ya siku nzima.

Sasa turudi kwenye zile "hapana". Mtu anapouliza "ni kiti?" anatafuta ndiyo. Anaitaka hasa, anaiona karibu. Akiambiwa hapana anahuzunika, na ana haki ya kuhuzunika, kwa sababu ameondoa kitu kimoja tu katika dunia nzima. Yule wa Wete hakuwa akitafuta ndiyo. Aliuliza swali ambalo jibu lake lolote lingemsaidia. Lingekuwa ndiyo, tungebaki kwenye samani za kukalia na kuendelea kuzichambua. Ilipokuwa hapana, samani zote ziliondoka kwa pigo moja. Huo ndio ufundi wa mchezo huu, na kwa maoni yangu ndio ufundi wa kuuliza kokote kule: swali zuri ni lile ambalo hujui litajibiwaje, na ambalo utashukuru kwa jibu lolote utakalopewa.

Jambo hili lina hesabu zake, na hesabu zenyewe ni tamu, kwa hiyo naomba univumilie kidogo. Mwambie aliye karibu nawe afikirie namba yoyote kuanzia 1 hadi 100. Usimuulize kama ni 37. Muulize: inazidi 50? Akisema hapana, muulize: inazidi 25? Kila jibu linakata namba zilizobaki katikati. Kwa maswali yasiyozidi 7 utakuwa umeikamata namba yake, namba yoyote ile, kwa sababu 2 ukiizidisha kwa yenyewe mara 7 unapata 128, na 128 inazidi 100. Endelea hivyo hivyo hadi maswali 20 na utafika 1,048,576. Ina maana mtu akifikiria kitu kimoja kati ya vitu milioni moja, nawe ukajua kukata katikati kila mara, maswali 20 yanatosha.

Lakini katikati yenyewe inahitaji akili. Chukua kamusi ya Kiswahili yenye maneno 50,000, mwenzako achague neno moja. Maswali 16 yanatosha kulipata, ila si kwa kuhesabu herufi za alfabeti na kuzigawa sawa. Kamusi yetu imejaa kwenye K na M. Ifungue uone unene wa kurasa hizo, kisha utazame V au Z. Anayetaka kukata katikati lazima ajue maneno yamelundikana wapi. Na vitu vya duniani ni vivyo hivyo. "Ni mnyama?" ni swali zuri au baya kutegemea ni nani aliyefikiria. Kwa mwenzetu wa Pemba, ambaye kila mara hufikiria vitu vya baharini, swali la kwanza tunalomuuliza ni kama kitu chake kinalowa.

Mwaka 1948 mhandisi na mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara za Bell, alichapisha andiko lililoonyesha kwamba habari inaweza kupimwa, na kipimo chake ni biti. Jibu la ndiyo au hapana, pale ambapo yote mawili yana uwezekano sawa, linabeba biti moja kamili. Swali ambalo jibu lake unalijua mapema halibebi kitu. Na ujumbe wako wa simu, maneno, picha, sauti ya mama yako, vyote husafiri vikiwa vimegeuzwa mlolongo wa ndiyo na hapana, moja na sifuri. Nikilifikiria hilo wakati tunacheza nafurahi sana: juu tunaulizana ndiyo na hapana, na chini yake simu nazo zinafanya vilevile.

Kwa nini basi watu wazima, wenye elimu zao, wakikaribia jibu wanaanza kurusha majina? Nadhani ni kwa sababu tulilelewa kujibu. Darasani mwalimu anauliza, mwanafunzi ananyoosha kidole, akipatia anapigiwa makofi. Kuuliza lilikuwa jambo la aliyeachwa nyuma. Ukiuliza, umejitangaza hujui. Na ukijibiwa "hapana", darasa linacheka. Mtoto aliyekua hivyo, akifika umri wa miaka 40 na kushika simu, bado anaikimbia ile hapana. Lakini mtazame fundi umeme mzuri pale nusu ya nyumba inapokosa umeme. Hafungui balbu moja baada ya nyingine. Anapima katikati ya njia ya waya: umeme umefika hapa? Ukiwa umefika, anaacha yote yaliyo nyuma yake. Usipofika, anaacha yote yaliyo mbele. Hana jibu analolipenda kuliko jingine, na ndiyo maana anamaliza kazi kabla chai haijapoa.

Najua wapo wanaosema, hivi si vitendawili tu vya wazee vimehamia kwenye simu? Hapana, na tofauti yake ni kubwa. Kwenye kitendawili mtegaji anasema "kitendawili", tunaitika "tega", anatuambia nyumba yake haina mlango, na kazi yetu ni kuona kwamba nyumba hiyo ni yai. Haturuhusiwi kumuuliza kitu. Tukishindwa tunampa mji, anautembelea kwa maneno, kisha anatufumbulia. Kitendawili kinafundisha kuona kufanana kwa vitu. Huu mchezo mwingine unafundisha kuona tofauti zao. Ningependa mtoto apate yote mawili, na usiku wa mgawo wa umeme unatosha kwa yote mawili.

Mchezo huu nao una wazee wake. Charles Dickens aliuingiza kwenye kitabu chake cha Krismasi cha mwaka 1843: kijana Fred anawachezesha wageni wake sebuleni, wanamuuliza maswali tele kuhusu mnyama anayenguruma, anayeishi London, asiyechinjwa sokoni, hadi shemeji yake anapong'amua kwamba mnyama mwenyewe ni mjomba Scrooge. Na kwetu sisi watu wa redio mchezo huu ni ndugu wa karibu kabisa. Mwaka 1946 mtangazaji wa habari wa New York, Fred Van Deventer, aliuchukua mchezo aliokuwa akicheza na mkewe na watoto wake mezani kwake na kuufanya kipindi cha redio cha maswali 20. Familia yenyewe ilikuwa kwenye jopo. Mwaka uliofuata BBC nayo ikaanzisha kipindi chake, kikadumu hadi mwaka 1976.

Kilichoviendesha vipindi hivyo ni hila moja. Wasikilizaji walinong'onezewa jibu kabla ya maswali kuanza. Wanajopo hawakulisikia, lakini bibi aliye nyumbani kwake na sindano ya kufumia mkononi alikuwa nalo. Kwa hiyo anasikia jopo likikaribia, likipotea, likirudi, naye hana njia ya kuwasaidia. Kujua jibu kukamfanya aufuate mchezo kwa hamu kuliko kutolijua. Sisi tuliliiga jambo hilo bila kupanga. Kila mzunguko mmoja wetu anakaa nje awe mwamuzi. Mwenye kitu anamtumia jina la kitu chake faraghani kabla ya swali la kwanza. Sababu yetu ilikuwa kuzuia mtu asibadilishe kitu katikati ya safari. Lakini tumegundua kwamba uamuzi ndio unaogombewa. Watu wanaomba kuwa mwamuzi kuliko wanavyoomba kufikiria kitu.

Kuna mambo mengine ambayo simu imetulazimisha kuyapanga. Maswali lazima yawe na namba, la sivyo wawili wanauliza kwa wakati mmoja na kila mmoja anadhani amejibiwa yeye. Mwenye kitu hajibu hewani. Anauvuta ujumbe wa swali pembeni ili jibu lake lishikane nalo. Tulijifunza umuhimu wa hilo siku ambayo mtandao wa Wete ulikuwa unasuasua. "Hapana" iliyokusudiwa swali la nane ikatua chini ya la kumi, na tukazunguka baharini kutafuta kitu kilichokuwa shambani.

Na lugha yetu yenyewe ina mitego yake. Kanuni ya neno moja, kwetu sisi tunaocheza kwa Kiswahili, haina msamaha. Mtu akiuliza "kinaliwa?" nawe ukajibu "ndiyo, linaliwa", umeshajisaliti: wote wanajua ni embe, chungwa, papai, au jingine la ukoo huo. Ukisema "unaliwa", wameshakimbilia mkate na muhogo. Silabi moja tu inaweza kuwa na thamani ya maswali mawili au matatu. Ndiyo maana muulizaji siku zote hutumia "kitu" na "kina", na mjibuji anafunga mdomo baada ya neno lake. Vilevile tumekataza maswali ya kukanusha. Ukimuuliza wa hapa nyumbani "hakina uhai?" akajibu "ndiyo", anakubaliana nawe kwamba hakina. Binti wa Minneapolis, aliyesoma kwa Kiingereza, kwa kitu kile kile atakujibu "hapana". Wote wawili wamesema kweli, na mchezo umevurugika.

Kusema kweli ndiyo roho ya mambo haya. Wahungaria wanauita mchezo huu barkochba, kwa jina la kiongozi wa Wayahudi aliyeasi dhidi ya Warumi mwaka 132. Wanasimulia kwamba aliletewa mtu wake aliyekatwa ulimi na mikono na adui. Hawezi kusema, hawezi kuandika. Lakini anaweza kutikisa kichwa. Basi Bar Kochba akamuuliza maswali ya kujibiwa kwa kichwa tu, hadi akapata habari zote alizokuja nazo. Ni hekaya, na inatisha, lakini inaonyesha ni kiasi gani mtu anaweza kusema kwa kutikisa kichwa iwapo anayemuuliza ana subira na akili.

Je, mjibuji akidanganya? Mwanahisabati Stanisław Ulam aliuliza swali hilo kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1976, na kabla yake Mhungaria Alfréd Rényi alikuwa ameligusa. Mtu anafikiria namba kati ya 1 na milioni moja. Anaruhusiwa kudanganya mara moja, au asidanganye kabisa, na hatakuambia. Unahitaji maswali mangapi ili uwe na uhakika? Mwaka 1987 Andrzej Pelc alithibitisha jibu: 25. Uongo mmoja tu, ambao huenda hata haukusemwa, unakutoza maswali matano zaidi. Nikiyaona matangazo ya kughushi yanayopita kwenye makundi yetu ya simu, nayakumbuka maswali hayo matano. Anayerusha uongo anafanya kazi ya sekunde moja. Wanaoupokea ndio wanaolipa.

Nasi tumewahi kuyalipa, ingawa aliyetutoza hakukusudia. Yule wa Muscat alifikiria karafuu. Tukamuuliza: ni mmea? Ndiyo. Kinaliwa? Akasita, akajibu ndiyo. Ni tunda? Ndiyo. Tukaenda kwenye matunda, tukapanda na kushuka minazi, tukamaliza maswali yote 20. Alipotaja karafuu, mwenzetu wa Wete hakuamini macho yake. Akawasha sauti na kutusomesha. Karafuu si tunda, ni ua ambalo halijachanua. Linachumwa likiwa bado tumba, linapoanza kuiva wekundu. Ukilichelewesha likachanua thamani yake imeondoka. Kisha karafuu zinachambuliwa kutoka kwenye makonyo, zinaanikwa juani kwenye mikeka hadi zigeuke rangi. Wanawake wa kwao wamefanya kazi hiyo miaka na miaka, na mtu aliyelala akinusa harufu yake msimu mzima hawezi kuiita tunda. Wa Muscat akaomba radhi, kisha akauliza maswali yake mwenyewe kuhusu bei na msimu, na haya hayakuwa ya ndiyo au hapana. Siku zote tulizofahamiana, hakuna aliyewahi kumuuliza yule wa Wete kuhusu karafuu. Tulidhani tunazijua.

Zipo mashine za kucheza nazo, na nyingi ni hodari. Mkanada Robin Burgener alianza mwaka 1988 kutengeneza programu ya kubahatisha vitu kwa maswali 20, na ilijifunza kutokana na majibu ya watu walioichezea. Akinator ya Wafaransa, iliyotoka mwaka 2007, inakuuliza kuhusu mtu uliyemfikiria na mara nyingi inamtaja. Nimezichezea na nazisifu. Lakini mashine haijui kwamba yule wa Mombasa hupenda vitu vya jikoni, wala haitamuuliza mtu "hiki ulikuwa nacho bwenini?" Rafiki anakata dunia katikati kwa kutumia yale anayoyajua kukuhusu, na mara nyingine anagundua kwamba aliyoyajua yamepitwa na wakati.

Kuna namna moja ya mchezo huu ambayo sikuielewa hadi tulipoijaribu. Ilisimuliwa na John Wheeler, mwanafizikia wa Marekani aliyelieneza jina la shimo jeusi. Alikuwa kwenye karamu, ikafika zamu yake ya kutoka nje ili wenzake wachague neno. Walimweka nje muda mrefu. Aliporudi aliwaona wanatabasamu. Akaanza kuuliza, na majibu ya mwanzo yalikuja haraka, lakini kadiri alivyoendelea kila anayejibu alichukua muda mrefu zaidi kufikiri. Ajabu, maana jibu ni ndiyo au hapana tu. Mwishowe akauliza kama ni wingu. Wakasema ndiyo, wakaangua kicheko. Hawakuwa wamechagua neno lolote. Walikubaliana kila mmoja ajibu apendavyo, kwa sharti moja: awe na kitu kichwani mwake kinachopatana na majibu yote yaliyotangulia. Wheeler aliitumia habari hiyo kueleza jinsi chembe ndogo za maumbile zinavyotupa jibu kulingana na swali tunalochagua kuuliza.

Tulimfanyia hivyo mwenzetu wa Muscat. Tukafungua kundi la pembeni bila yeye, tukakubaliana tujibu kwa zamu. Kina uhai? Hapana. Ni kikubwa kuliko nyumba? Ndiyo. Kinatembea? Ndiyo. Majini? Ndiyo. Kinapakia magari? Ndiyo. Hapo wa Mombasa alikuwa ameishika feri ya Likoni kichwani, ameridhika. Swali lililofuata: kiko Tanzania? Zamu ilikuwa yangu, nikajibu ndiyo, na yeye ikabidi aitupe Likoni yake. Kinavuka kwa muda usiofika nusu saa? Wa Minneapolis akajibu ndiyo, na wa Wete akaiaga meli yake ya Unguja na Pemba. Kiko baharini? Wa Mombasa, ambaye sasa hakuwa na cha kupoteza, akajibu ndiyo. Muuguzi wetu wa Mwanza akatuandikia kule pembeni kwa hasira, kwa sababu alikuwa ameshikilia kivuko cha Kigongo na Busisi, enzi zile kabla ya daraja, na ziwa limeondoka na kivuko chake. Swali la mwisho likamwangukia yeye: ni pantoni ya Kigamboni? Alitazama yote yaliyokwisha kujibiwa, akaona hana pengine pa kwenda, akaandika ndiyo.

Tukamweleza mwenzetu wa Muscat tulivyomfanyia. Hakukubali. Alisema tangu swali la nne, aliposikia kitu chenyewe kinatembea majini, alikuwa ameshaiona pantoni ya Kigamboni, kwa sababu alipokuwa mdogo aliivuka kila likizo kwenda kwa bibi yake Mjimwema. Maswali yote yaliyofuata aliyapanga kwa ajili yake. Tukamwambia kwamba kwenye swali la nne sisi tulikuwa na vyombo vitano tofauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria hicho.